Miwani ya Gemu na Chumba cha Mbele

Marehemu, aliyefariki kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, alikuwa fundi wa vifaa vya nyumbani. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kifaa kilichotoka mikononi mwake kabla ya siku tatu kupita. Pasi ikipona leo, ataipigia nguo zake leo, kesho na keshokutwa. Feni itampepea siku tatu hata kama kuna baridi. Blenda ikipona, nyumba nzima itakunywa juisi siku tatu mfululizo mpaka mtu aombe maji kwa kubembeleza. Baada ya hapo ndipo atakapokata kikaratasi kigumu, akitoboe tundu, aandike aliyoyaona na kukifunga kwa uzi kwenye waya wa kifaa: "Imepona. Usiichomeke pamoja na friji." Au: "Imepona, ila asubuhi ina kiburi. Iwashe mara mbili." Watu wakamwita Siku Tatu, na jina likakaa.

Mteja aliyekuja na haraka zake hakupata kitu. "Fundi, kesho nina mkutano, nipe pasi yangu," atasema, na Siku Tatu atamjibu bila kuinua macho, "Azima kwa jirani. Yako bado inaulizwa maswali." Mtaani walikuwa na utani wao kwamba ukimpelekea jeneza, atalilalia kwanza siku tatu ndipo akwambie linafaa. Utani huo ulimfikia. Alicheka, akasema jeneza ndicho kifaa pekee ambacho hakijawahi kurudishwa na mteja.

Alikuwa mcha Mungu kwa namna yake ya kimyakimya. Kabla ya kufungua mgongo wa kifaa chochote alinong'ona dua fupi, kwa sababu umeme, alisema, haumuulizi mtu kama amesali. Hakusema uongo hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba ukimpikia Siku Tatu usimuulize chakula kikoje, kwa sababu atakwambia.

Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele, chumba pekee cha nyumba ile kilichotazama barabara. Wateja walimpitishia vitu vyao dirishani bila hata kuvua viatu. Asubuhi jua liliingia moja kwa moja hadi alipokaa, akaona skrubu ndogo kuliko punje ya mtama bila kuwasha taa. Pale alijua nani amepita, nani ameachishwa kazi, nani amenunua viatu vipya.

Chumba hicho ndicho alichokitaka binti yake wa mwisho.

Binti huyo alikuwa amemaliza mafunzo ya kompyuta na alikuwa nyumbani mwaka na nusu akituma barua zisizojibiwa. Akaja na wazo: afungue chumba cha gemu. Televisheni moja kubwa ilikuwepo tayari. Kilichobaki ni miwani ya gemu, ile inayofunika uso mzima ukajiona umeingia ndani ya mchezo. Kwenye boksi imeandikwa miwani ya uhalisia pepe, lakini hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema yote hayo. Akiba yake ilitosha kununua moja. Ila chumba cha gemu kisichoonekana barabarani ni stoo tu.

Jambo hilo lilizungumzwa mezani wiki mbili. Shangazi yake, aliyekuwa na duka katika mji wa mbali, alikwisha kusema atampa kazi, na alitaka jibu kabla ya Jumamosi. Siku moja wakati wa chakula Siku Tatu aliweka kijiko chini, akasema kwa hasira, "Nionyesheni kwamba kitu hicho kinafaa kununuliwa, nami nitahama hicho chumba. Mungu shahidi."

Mkewe naye akaweka kijiko chini. "Umesema mwenyewe. Kikifaa, chumba ni cha mtoto. Kisipofaa, Jumamosi anapanda basi kwenda kwa shangazi yake, na maneno yaishe. Na atakayepima ni wewe. Nyumba hii haina mpimaji mwingine."

"Dada," alisema mdogo wa mkewe, ambaye hakukosa mlo kwao, "mshtakiwa ndiye hakimu?"

"Nyamaza ule. Wewe ndiye unayeviuza."

Ni kweli, shemeji huyo alikuwa akiuza vitu vya kielektroniki, vipya na vilivyotumika, na Jumatatu asubuhi alikuja na boksi kwapani. Alimkabidhi Siku Tatu kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Shemeji, hii siyo miwani, hii ni nauli. Ukiivaa umeshasafiri."

"Iweke hapo."

"Nikuonyeshe inavyo..."

"Nimefungua redio kabla wewe hujaota meno. Iweke hapo."

Shemeji akaiweka, akaenda zake. Siku Tatu akafunga mlango. Akanong'ona dua yake ingawa hapakuwa na mgongo wa kufungua, kisha akaivaa miwani ile juu ya miwani yake ya kusomea, akakaza mkanda mpaka masikio yakakunjika. Katika michezo iliyokuwemo alichagua mashindano ya magari, kwa kuwa gari alilijua. Alikaa kwenye kigoda. Kila kitu kilionekana kimefunikwa na ukungu, kana kwamba anatazama kupitia mfuko wa nailoni. Gari likaondoka, likakata kona, likapanda ukingo. Kichwa kiliona kinakwenda mbio, makalio yalijua yamekaa kwenye kigoda, na tumbo halikujua limwamini nani. Kwenye kona ya nne alivua miwani ile akatafuta ndoo.

Saa tano ilikuwa haijagonga. Alinawa uso, akakata kikaratasi, akatoboa tundu, akaandika: "Haifai kununuliwa. Picha ina ukungu. Inatapisha." Akakifunga kwa uzi kwenye mkanda, akaiweka rafuni pamoja na vilivyomaliza kazi, akarudi kwenye feni ya mwalimu iliyokuwa inamngoja. Alikuwa akipiga mluzi.

Mkewe alipita na beseni la nguo mbichi. Akaona kikaratasi. Akasimama.

"Mzee, leo siku ya ngapi?"

"Jumatatu."

"Sijauliza siku ya wiki. Hii uliipokea lini?"

"Si leo asubuhi? Wewe ulikuwepo."

"Na hicho kikaratasi umekifunga lini?"

Mkewe alibadilisha beseni kutoka kiuno kimoja hadi kingine, akaenda kuanika.

Feni ya mwalimu ilibaki imefunguliwa. Siku Tatu alikaa bila kuigusa. Kutapika kulikuwa kweli, na ukungu ulikuwa kweli. Hakuna neno alilolibuni. Lakini alijua alichokisikia moyoni wakati tumbo linapanda: alifurahi. Katika miaka ishirini na miwili, mara ya kwanza alipotoa jibu siku ya kwanza ilikuwa mara ile ambayo jibu lenyewe lilimfaa yeye. Vifaa vya watu baki alivipa siku tatu, na kitu cha mwanawe alikipa asubuhi moja.

Akaondoa kikaratasi, akakichana vipande vidogo, akamwita binti yake.

"Nimekosea," alisema. "Hii ni siku ya kwanza bado. Kaa hapa unionyeshe."

Binti alikuwa na macho mekundu, maana habari ilikwisha kumfikia kule kwenye kamba ya nguo. Aliichukua miwani, akaigeuza, akacheka bila kutaka.

"Baba, umeivaa kama kofia ya pikipiki."

"Sasa inavaliwaje?"

"Kwanza vua hiyo ya kusomea. Halafu hapa chini kuna kigurudumu, unazisogeza lenzi zilingane na macho yako. Na huanzi na magari. Magari hata mimi yananitoa jasho baridi. Unaanza na mchezo wa kusimama mahali pamoja."

Alizungusha kigurudumu. Ukungu ukaondoka. Siku Tatu akaona ukumbi mpana, taa zinaning'inia, na mbele yake meza ya tenisi ya kijani, iliyong'aa hata akaona mikwaruzo.

"Ehe," alisema. Hilo lilikuwa neno lake kwa kitu kilichoanza kujieleza.

Alicheza mpaka mchana, na Jumanne akacheza tena, kwa utaratibu aliotumia kwa pasi na feni. Alipima uzito kwa mizani ya jikoni: nusu kilo na ushee, yote imening'inia usoni. Aliiacha ikiwaka akaona betri inakata baada ya saa mbili na dakika chache. Alibonyeza sponji ya usoni baada ya kucheza, ikatoa jasho. Alitembea akiwa ameivaa, akagonga rafu, redio mbili zikaanguka. Alimvalisha mkewe, ambaye alisema hataki upuuzi huo, akalazimika kufunga kilemba upya kwa sababu mkanda uliteleza, kisha akakataa kuivua.

"Mama, zamu yangu," alisema binti.

"Ngoja kwanza, huyu mzungushaji wa mpira ananidharau."

"Siyo mtu huyo, mama, ni mashine."

"Basi mashine inanidharau."

Siku Tatu aliandika: "Aliyevaa hasikii njaa wala watoto."

Lakini kilichoikumbusha familia siku hiyo kwa muda mrefu kilikuwa kingine. Alikuwa na tabia ya kuegemea chochote alichofanyia kazi, na katikati ya mchezo, akiwa ameshinda pointi tatu mfululizo, alijipumzisha kwa kuweka kiganja chake juu ya ile meza ya kijani. Meza haikuwepo. Alikwenda chini mzimamzima, kama gunia lililokatwa kamba, na miwani usoni.

"Baba! Umeumia?"

"Nani ameondoa meza?" alisema kutoka sakafuni.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji, aliyekuwa amefika kwa ajili ya chakula, alishika mlango. "Shemeji, nilikwambia ni nauli, wewe ukashuka kabla ya kituo!" Siku Tatu mwenyewe alicheka akiwa amelala chali, akaomba karatasi yake na kalamu, akaandika huku goti linavuja damu: "Meza ni ya uongo. Nafasi iwe wazi pande zote."

Jumatano, siku ya tatu, hakuivaa kabisa. Alimfuata shemeji dukani kwake.

"Umeuza ngapi za aina hii?"

"Shemeji, biashara inakwenda vizuri tu."

"Nimeuliza ngapi."

"Nne."

"Ziko wapi sasa hivi?"

Shemeji akaanza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimepangwa. "Tatu... tatu ziko hapa ndani. Wenyewe wameniletea niwauzie."

"Wote watatu?"

"Usiniangalie hivyo. Hazikuharibika! Mmoja nyumba yake haina nafasi, alipiga teke kabati. Mwingine kichwa kinamuuma. Wa tatu hana sababu. Mwezi wa kwanza hakulala, mwezi wa pili akaivaa mara mbili, wa tatu akarudi kwenye gemu za kawaida za televisheni, wanakaa wanne kwenye kochi wanatukanana. Anasema kule ndani michezo mizuri ni michache, na ukiingia uko peke yako."

Siku Tatu alitoka dukani na jibu mkononi, na safari hii lilikuwa jibu safi. Watu watatu kati ya wanne walikuwa wameirudisha. Angelipeleka nyumbani, hakuna ambaye angemlaumu. Hata mkewe asingepata la kuuliza, kwa kuwa ilikuwa siku ya tatu kweli. Alisimama kando ya barabara. Wakati wa sala ya mchana ulikuwa umefika, akaingia nyumba ya ibada iliyokuwa karibu, akasali, na akatoka akiwa na swali lilelile ambalo alikuwa amejifanya kulisahau mlangoni mwa shemeji. Akarudi dukani.

"Wa nne?"

"Wa nne nani?"

"Uliuza nne. Tatu zimerudi."

"Aa. Huyo kinyozi wa karibu na stendi. Huyo hajanirudishia. Huyo ameniuliza kama nina nyingine."

Kwa kinyozi palikuwa na benchi la wanaosubiri, na Siku Tatu alikaa mwishoni ingawa kichwani hakuwa na nywele za kumtosha kinyozi. Kwenye kona, ndani ya mraba uliochorwa sakafuni kwa chaki, mwanamume mzima mwenye tai alikuwa akirusha ngumi hewani. Anachokiona kilionekana pia kwenye televisheni ndogo ukutani, na benchi lote lilimpa ushauri.

"Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!"

"Huyo mkeo akikuona unavyopigwa, hatakuogopa tena."

Baada ya dakika kama kumi kinyozi alimgusa bega, akamvua miwani, akaifuta sponji kwa kitambaa chenye dawa, akamvisha aliyefuata. Yule mwenye tai alikaa akitweta, anacheka peke yake.

"Wanachoka nayo?" Siku Tatu alimuuliza kinyozi.

"Mmojammoja wanachoka, mzee wangu. Mtu akishaonja mara sita, saba, basi. Lakini watu hawaishi. Aliyechoka anamleta ambaye hajaona, ili amcheke."

"Na wewe mwenyewe unaicheza?"

"Mimi?" Kinyozi alipuliza nywele kwenye mashine. "Nina miezi minne sijaivaa. Na ningeinunua kwa ajili ya nyumbani, ingekuwa chini ya kitanda."

Siku Tatu alikaa pale saa mbili. Alihesabu watu kumi na mmoja. Wawili walivua mapema kwa kichefuchefu, mmoja alivuka chaki akampiga kofi mteja aliyekuwa ananyolewa, na wanane walishuka wanacheka. Akajikuta amecheka naye. Akanyolewa kile kidogo alichokuwa nacho ili asionekane mpelelezi, akarudi nyumbani kwa miguu, ingawa goti lilimuuma.

Jioni, baada ya chakula na sala, alileta kikaratasi. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuandika, na kimejaa pande mbili. Alimpa mkewe asome, maana alisema hakimu anaandika, hasomi.

Mkewe akasoma. "'Miwani ya gemu. Siku tatu. Kwa mtu anayetaka kucheza peke yake sebuleni: usinunue. Ni nzito usoni, inataka nafasi ambayo nyumba nyingi hazina, michezo yake mizuri ni michache, na mwezi wa pili itakuwa kabatini. Gemu ya televisheni inamtosha. Kwa chumba cha watu wanaopita: nunua, lakini moja tu. Dakika kumi kwa mtu. Anachoona aliyevaa waone wote. Sponji ifutwe kila mara. Mashindano ya magari yasiguswe na mtu aliyekula sasa hivi. Chumba kiwe...'" Akasimama. Akasogeza taa. "'Chumba kiwe cha barabarani. Inafaa.'"

Binti alikuwa anatazama mikono yake.

"Baba, ungeweza kuandika nusu ya kwanza tu."

"Ningeweza."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Uani. Kuna ukuta, kuna paa la bati. Pasi haijui iko upande gani wa nyumba."

"Wateja watapotea."

"Baadhi watapotea," alisema Siku Tatu. Hilo nalo alilisema jinsi lilivyokuwa, na lilikuja kuwa kweli.

Jumamosi, siku ambayo binti angekuwa kwenye basi, walihamisha chumba. Rafu zilitoka, masanduku ya skrubu yakatoka, na mwisho ikabaki meza ya kazi. Ilikuwa ndefu kama mlango na nusu, ya mbao nzito, na hapo ndipo wote walipogundua kwamba aliijenga humohumo ndani na haikuwahi kupita mlangoni. Waliilaza ubavu. Wakaisimamisha. Shemeji akabanwa kidole akataja mambo ambayo hayatajwi mbele ya dada.

"Tuiache tu, baba," binti alisema. "Watu watazunguka."

"Wakiwa wamefumbwa macho? Lete msumeno."

Aliikata mwenyewe. Alipiga mstari kwa penseli, siyo katikati bali mahali ambapo sehemu yenye jiriwa ya kubania vyuma ingebaki kubwa, na akavuta msumeno taratibu, akipumzika kila baada ya muda, huku shemeji ameshika upande mmoja na binti upande wa pili. Unga wa mbao ulianguka juu ya viatu vyao. Mbao kwa juu ilikuwa nyeusi kwa mafuta na moto wa miaka yote ile, lakini ndani ilikuwa nyeupe kama imekatwa jana. Ilipoachana, alipitisha kidole gumba kwenye makali, akapuliza, akasema, "Shikeni miguu."

Uani waliiweka chini ya bati, ukutani. Siku Tatu alisogeza kigoda, akakaa, akainuka, akatazama huku na huku kwa mara ya kwanza siku hiyo kama mtu aliyesahau kitu.

"Hapa hakuna soketi," alisema.

Binti akanyoosha kidole. Waya mpya ulitoka kwenye dirisha la jikoni, ukashuka ukutani ukiwa umeshikiliwa na vibanio kila baada ya shubiri, ukakata kona bila kulegea, ukaishia kwenye soketi mbili juu tu ya meza, kwenye urefu wa mkono wa mtu aliyekaa.

Siku Tatu aliufuata waya ule kwa macho mpaka jikoni na kurudi.

"Nani amefunga?"

"Mimi. Jana."

Aliukamata, akauvuta. Haukutikisika. Akauvuta tena kwa nguvu, mpaka mkewe kule jikoni akauliza nani anabomoa nyumba.

"Haya," alisema, akakaa. "Niletee ile pasi ya mwalimu."

"Ni feni, baba. Ya mwalimu ni feni."

"Basi lete feni."